Kudamka si Kuamka kwa Wakati

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi wa shule za msingi na za upili nchini Kenya anamfahamu vyema mhusika mmoja asiyechoka wala kuzeeka. Mhusika huyu hurauka kabla ya jogoo la kwanza kuwika. Hupiga mswaki, hukoga, hustaftahi kwa chai na viazi vitamu, kisha hushika njia kuelekea shuleni huku ndege wakimtumbuiza. Hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mwalimu humtuza alama za mtindo kwa kuwa ameandika 'kurauka' mahali ambapo wenzake wangeandika 'kuamka', naye mzazi aisomapo insha hiyo hujawa na furaha. Aghalabu mtoto aliyeiandika alikuwa akisinzia juu ya daftari, maadamu siku hiyo aliamshwa saa kumi za usiku.

Kuamka kwa wakati ni somo ambalo Wakenya hufunzwa kwa kengele, kwa kelele za kiranja na, licha ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kukataza adhabu ya viboko, kwa fimbo ya mwalimu wa zamu. Anayeshindwa na somo hilo huitwa mvivu, mzembe, mwenye usingizi wa pono, hata kama ni mzaliwa wa Mumias, zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani kwa barabara, na hajawahi kumwona samaki huyo akiogelea wala akiuzwa. Lawama hizi zimejengwa juu ya kosa. Zinachukulia kwamba kuamka kwa wakati na kudamka ni kitu kimoja, na kwamba mtu hujifunza kuamka wakati wa asubuhi. Lau zingepimwa kwa lugha inayotumiwa kuzitoa, na kwa historia ya mji kama Mumias, zingeporomoka.

Lugha na ianze. Kiswahili hakikuridhika na kitenzi kimoja. Anayetoka usingizini saa yoyote ile, hata adhuhuri, ameamka. Aliyetangulia mwangaza amedamka au amerauka. Aliyeshtuliwa amegutuka. Aliyefumbua macho ilhali akili yake haijamrudia yumo bado katika mang'amung'amu. Usiku nao haukuachwa uwe kitu kimoja: kuna usiku wa manane, kuna majogoo, kuna alfajiri, mapambazuko, macheo, ndipo ije asubuhi yenyewe. Mwenye msamiati huu hawezi kushawishika kwamba saa kumi za usiku ni asubuhi, japo ratiba iliyobandikwa ukutani imeandika hivyo.

Neno zito kuliko yote katika mjadala huu ni 'kuchelewa'. Wanafunzi wengi wa isimu hulitumia kila siku bila kulichunguza. Mzizi wake ni ule ule wa 'kucha', yaani usiku kwisha na mwangaza kuingia, mzizi unaopatikana katika 'macheo', katika 'usiku kucha' na katika 'kumekucha'. Kuchelewa, kwa asili yake, ni kupambazukiwa: mtu kukutwa na mwangaza akiwa mahali ambapo hakupaswa kuwapo. Maana ya kuchelewa mkutano, basi au karo ilikuja baadaye kwa kupanuka. Jamaa za Kiswahili zina habari hiyo hiyo. Wawanga na Waluhya wengine wengi husalimiana asubuhi kwa kusema 'bushiere', kwamba kumekucha, na ng'ambo ya mpaka gazeti la kila siku la Kiganda limejiita Bukedde kwa maana iyo hiyo. Kipimo cha kuchelewa, basi, katika lugha hizi, ni mwangaza. Aliyetoka kitandani kunapokucha hakuchelewa, hata kama kengele ililia saa mbili kabla.

Kuna pia kifungu cha maneno ambacho watangazaji hukitamka kila kukicha na hakuna anayekistaajabia: 'usiku wa kuamkia Jumamosi'. Usiku huo hupewa jina la asubuhi inayoufuata. Katika hesabu ya kale ya Waswahili, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu, siku mpya huanza jua linapotua. Usiku ndio mwanzo wa siku, na mtu huanza kuamka pale anapokwenda kulala. Hili ndilo jambo ambalo shule, wazazi na hata vitabu vya mashauri hulisahau. Humsimamia mtoto asubuhi, saa ambayo hakuna linaloweza kurekebishwa, baada ya kumwachilia usiku, saa ambayo mambo yote yangeweza kurekebishwa.

Mji wa Mumias umeamshwa kwa sauti nyingi katika historia yake. Katika karne ya 19 wasafiri walipafahamu mahali hapa kama Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu wa Wanga, na palikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka pwani kuelekea Buganda. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alimkuta Mumia, mwanawe Shiundu, ameshika utawala mwaka mmoja tu uliotangulia. Askofu James Hannington alipita mwaka 1885 akielekea Busoga alikouawa. Wapagazi wa misafara ya aina hiyo waliamshwa alfajiri kwa ngoma au pembe ya kirangozi, wakafunga mizigo, wakaondoka kabla jua halijapata makali. Wanaopenda kuwasifu watu wa kale huishia hapo. Hawasemi kwamba msafara huo huo kwa kawaida ulipiga kambi adhuhuri au alasiri mapema, ukateka maji, ukapika na kula, na kwamba giza lilipotanda hapakuwa na taa ya kumkesesha mpagazi ila moto wa kambi. (Ngoma zilichezwa baadhi ya usiku, bila shaka, na yamkini kesho yake kirangozi alipata taabu.) Aliyeamka alfajiri alikuwa amekwisha kulala usingizi wake wote. Hakuibiwa saa hata moja.

Misafara hiyo iliacha Mumias dini na lugha. Mumia mwenyewe alisilimu, na hadi leo mji huu ni mojawapo ya vituo vikuu vya Uislamu magharibi mwa Kenya. Adhana ya alfajiri husikika hapo karibu na saa 11:15 hadi saa 11:40, kutegemea msimu, nayo ina maneno ambayo nyito nyingine nne za siku hazina, ya kumkumbusha aliyelala kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Je, huu si ushahidi kwamba kudamka ni wajibu? Ndivyo inavyodaiwa mara kwa mara, na anayedai hivyo hukariri nusu ya mafundisho. Mafundisho hayo hayo yanachukia porojo baada ya sala ya isha, na yanausifu usingizi mfupi wa mchana ambao wanavyuoni huuita kailula. Isha huko Mumias husaliwa karibu na saa mbili usiku. Anayelala saa tatu na kuamka kwa adhana amepata saa nane na ushei. Utaratibu huo umekamilika kwa pande zote mbili, usiku wake na alfajiri yake. Shule imeazima alfajiri na kuutupa usiku.

Kisha kikaja kiwanda. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971 kwa ushirikiano wa serikali na kampuni ya Booker McConnell ya Uingereza, na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Kwa miaka mingi kilikuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya sukari nchini. Kiwanda cha sukari hakina usiku. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari yake, na usiposagwa katika muda wa siku moja au mbili mkulima na kiwanda wote hupata hasara. Kwa hiyo mitambo huzunguka mchana na usiku, na watu huizungukia kwa zamu. Vijana waliozaliwa katika maboma yaliyoamka kwa jogoo walijikuta wakienda kulala macheo na kuamka alasiri. Hapo ndipo methali ya kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini ilipopata maana nyingine, maana jogoo huyo aliwika kama kawaida lakini aliwawikia watu waliokuwa ndio kwanza wanaingia kitandani.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya Mumias peke yake. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967, alieleza jinsi viwanda vilivyowahamisha wafanyakazi wa Uingereza kutoka kazi iliyopimwa kwa shughuli yenyewe hadi kazi iliyopimwa kwa saa. Katika miji ya viwanda ya nchi hiyo walikuwapo watu waliolipwa kupita vichochoroni kabla ya mapambazuko, wakigonga madirisha ya wafanyakazi kwa fito ndefu ili kuwaamsha. Kwamba taifa zima lilihitaji kugongewa madirisha ni dalili tosha kuwa mwanadamu hakuumbwa na saa ya kiwanda mwilini. Hakuna anayewaita Waingereza wale wavivu.

Kilicho cha Mumias, na ambacho hakijaangaliwa vya kutosha, ni jua lake. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao hata Mombasa haiufikii. Mumias iko karibu na digrii 34 na nusu. Matokeo yake ni kwamba jua huchomoza Mumias likiwa limechelewa kuliko Mombasa kwa kadiri ya dakika ishirini, zikizidi au kupungua kidogo kulingana na msimu. Mwezi wa Februari jua la Mumias huchomoza karibu na saa 12:50 asubuhi. Mwezi wa Novemba, linapowahi kuliko miezi yote, huchomoza karibu na saa 12:20. Hakuna siku hata moja katika mwaka ambayo saa kumi na mbili kamili asubuhi humkuta mtoto wa Mumias na jua. Kengele moja ikilia kote nchini saa hiyo, mtoto wa Lamu huamshwa kunapokucha na mtoto wa Mumias huamshwa gizani, kisha wote wawili hupimwa kwa mtihani mmoja.

Saa hizi, ifahamike, hazikushuka kutoka mbinguni. Serikali ya kikoloni ilizisogeza mara kadhaa. Mwaka 1928 zilisogezwa mbele kwa nusu saa, mwaka 1930 zikarudishwa nyuma, na baadaye zikasogezwa tena hadi zilipotulia zilipo. Babu aliyeambiwa na mkuu wa wilaya kwamba amechelewa yawezekana aliamka wakati ule ule alioamka mwaka uliotangulia. Saa ndiyo iliyokuwa imeondoka bila kumuaga. Mfumo wa saa za Kiswahili, unaoihesabu saa moja kuwa saa ya kwanza ya mchana, ulikuwa jaribio la kuifunga saa kwa jua. Mfumo huo unafaa mahali ambapo jua huchomoza saa kumi na mbili. Mumias husema 'saa moja asubuhi' kama pwani isemavyo, ilhali mwezi wa Februari saa hiyo ya kwanza ya mchana huwa na umri wa dakika kumi tu za jua.

Sasa na iangaliwe shule. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaeleza bayana kwamba masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa shule za bweni, kanuni hizo hizo zimetenga muda wa kulala kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu. Aliyeziandika alikuwa na hekima. Lakini ni nani asiyejua kinachotendeka? Katika shule nyingi za bweni, Mumias na kwingineko, taa za madarasa huwaka saa kumi na moja kasorobo kwa ajili ya prepu ya asubuhi, na waliomo walizima taa za bweni karibu na saa nne na nusu au saa tano usiku. Kwa shule za kutwa hali ni ya hatari zaidi. Watoto hubebwa watatu au wanne juu ya bodaboda moja gizani, katika barabara zinazopitiwa na matrekta yanayokokota matrela ya miwa, ambayo mengine hayana taa nyuma. Mtoto hatarishwi hivyo kwa sababu masomo hayatoshi katika saa zilizowekwa. Anahatarishwa kwa sababu shule ya jirani imeanza mapema zaidi.

Elimu ya mwili haiungi mkono mashindano haya. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 walipewa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young kwa kugundua, kupitia uchunguzi wa inzi wadogo wa matunda, jinsi chembe za mwili zinavyojiendeshea saa yake. Kwa mwanadamu saa hiyo hurekebishwa hasa na mwangaza wa asubuhi. Zaidi ya hayo, mtoto anapobaleghe saa hiyo husogea. Homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, huanza kutolewa usiku ukiwa umekwenda zaidi kuliko ilivyokuwa utotoni, hivi kwamba kijana wa miaka kumi na sita hukosa usingizi saa tatu usiku bila kosa lake, na kumwamsha saa kumi ni sawa na kumwamsha mtu mzima usiku wa manane. Chuo cha Tiba ya Usingizi cha Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa nane hadi kumi. Jimbo la California lilikwenda mbali zaidi: sheria iliyoanza kutumika huko mwaka 2022 inakataza shule nyingi za upili kuanza masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Kenya iliandika saa mbili katika kanuni zake miaka saba kabla, na kuiacha ilale karatasini. Huenda huo ndio usingizi wa pono unaostahili kukemewa.

Watakuwapo wa kupinga, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Watasema kwamba madaktari, mahakimu na wahadhiri wa leo walidamka, wakatembea maili nyingi peku, wakafaulu. Ni kweli. Ila wanaosimama kuzungumza siku ya kutuza wanafunzi ni wale waliofaulu. Waliosinzia darasani, wakachapwa kwa kusinzia, wakaichukia shule na kuiacha, hawaalikwi. Kuwahesabu waliofika na kusema kwamba giza ndilo lililowafikisha ni kama kuwahesabu walionusurika ajali na kuisifu ajali. Wahenga wenyewe walikuwa waangalifu zaidi. Walisema likiwika lisiwike kutakucha, wakimvua jogoo ule ukubwa ambao insha za shule humvika.

Wahenga walisema tena, alalaye usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Methali hii hufasiriwa kuwa onyo la ushindani, kwamba aliyezubaa aachwe azubae. Ikiachiwa maana yake ya wazi inamwelezea mtu mmoja barabara, naye ni mama. Kengele ya kwanza ya maboma mengi ya Mumias si simu wala jogoo. Ni mama, ambaye mtoto akitakiwa kuwa kituoni saa kumi na moja yeye huamka saa tisa na nusu, awashe moto, apashe maji, apike chai, amtafute kiatu cha pili aliyekipoteza kimoja. Huyo huyo ndiye aliyeosha sufuria za chakula cha jioni wenzake wakiwa wamekwisha kujifunika gubigubi. Hotuba za kudamka hazimtaji. Kila robo saa ambayo shule hujiongezea alfajiri hutolewa kwanza katika usingizi wake, na msichana mkubwa wa nyumba ndiye anayefuata kutozwa. Fasihi ya Kiswahili ina akina mama wengi waliodamka. Lingekuwa jambo la haki kama ingekuwa na mmoja aliyelala akashiba usingizi bila msimulizi kumwadhibu.

Lakini haya yote hayaondoi ukweli kwamba kuna kuamka kwa wakati, na kwamba hujifunzwa. Mwanafunzi wa chuo aliye na mhadhara saa mbili na akaamka saa tatu hawezi kuwataja Waingereza wa viwandani wala longitudo. Yeye amechelewa kwa kila hesabu. Namna ya kujifunza si siri, nayo inaanzia usiku. Afadhali mtu achague saa moja ya kuamka anayoweza kuishika hata Jumapili, kuliko kuamka saa kumi na moja siku tano na saa nne siku mbili, maana mwili unaohamishwa kila wikendi ni kama msafiri asiyefika. Anayetaka kuwahi zaidi na asogeze saa ya kulala kwa robo saa, akae hapo siku kadhaa, kisha asogeze tena. Akiamka atoke nje upesi apigwe na mwangaza. Hapa Mumias ina neema isiyo kifani, kwa kuwa karibu na ikweta jua halibadilishi desturi: mwaka mzima tofauti ya kuchomoza kwake ni kadiri ya nusu saa. Mkazi wa London, ambaye jua lake la Juni huchomoza saa kumi na moja kasoro na la Desemba saa mbili, angeionea wivu.

Simu nayo ilazwe mbali na kitanda. Kengele inayozimwa kwa kidole bila mtu kunyanyua kichwa humrudisha katika mang'amung'amu, na usingizi wa dakika tisa tisa unaofuata haumpumzishi wala haumwamshi. Chakula cha jioni kiwahi. Kuna maboma ambapo ugali hutengwa saa tatu na nusu usiku kwa sababu kila mtu anangoja taarifa ya habari. Katika hili wapenzi wa Kiswahili wamependelewa: televisheni za Kenya zimezoea kutangaza habari kwa Kiswahili saa moja usiku na kwa Kiingereza saa tatu. Anayetosheka na habari za lugha ya taifa anaweza kuwa kitandani kabla ya zile nyingine kuanza, na hakuna tukio litakalokuwa limempita.

Yanabaki mashauri magumu zaidi, ya mtu asiye na sababu ya kuamka. Kiwanda cha Mumias kilididimia katika madeni, kikawekwa chini ya mrasimu mwezi wa Septemba mwaka 2019, na mitambo iliyokuwa haina usiku ikawa haina mchana pia. Waliokuwa na zamu wakabaki bila zamu. Katika miaka hiyo malalamiko kwamba vijana wa Mumias hulala hadi saa nne yalizidi kusikika katika mabaraza na mahubiri, na dawa iliyotolewa ilikuwa ile ile: damkeni. Kudamka kwenda wapi? Mpagazi aliamka kwa kuwa msafara ulikuwa unaondoka, mwumini huamka kwa kuwa anaitwa, mkata miwa huamka kwa kuwa jua la saa tano halimpi nafasi. Kila mmoja wao ana kinachomngoja upande wa pili wa usiku. Kijana ambaye hana kinachomngoja akiamka alfajiri atakuwa tu ameurefusha mchana wa kukaa.

Kiwanda kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda mwezi wa Desemba mwaka 2021, na mwaka 2022 kikaanza tena kusaga, baada ya kesi nyingi mahakamani. Walioitwa kazini hawakuhitaji semina ya kuamka. Hata mkulima ambaye miwa yake imepangiwa kukatwa kesho yake huwa shambani kabla wakataji hawajafika, panga mkononi, kumekucha au hakujakucha.